Pete za Jua la Kortesalmi

Kando ya ziwa la Kortesalmi, nyumba ya Raili Turpeinen ndiyo pekee iliyokuwa na ngazi iliyoegemezwa ukutani mwaka mzima. Wapita njia walidhani paa linavuja. Majirani walijua kwamba mwenye nyumba hupanda kutazama jua.

Raili alikuwa mpishi wa shule ya kijiji kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti iliyozoea kushindana na masufuria. Asubuhi moja ya Februari, akiwa bado kijana, alitoka nyuma ya jiko kumwaga maganda ya viazi akakuta majua matatu yamepangana juu ya msitu: moja la kweli katikati, na mawili bandia pembeni, yenye wekundu upande wa ndani, yote yamefungwa ndani ya pete kubwa ya mwanga. Aliweka ndoo chini. Alipokumbuka kurudi ndani, viazi vya watoto mia na kumi vilikuwa vimeshika chungu.

Mwalimu mkuu alikuja jikoni amekunja uso. "Raili, viazi vimeungua."

"Nenda nje kwanza ukaone, halafu ndiyo uje unilaumu."

Mwalimu mkuu akatoka, akakaa huko, akarudi na theluji kwenye nyusi. Alikula viazi vyake vyote.

Jioni ile Raili aliandika barua kwa chama cha watazama anga. Wakamjibu kwa kumtumia fomu: tarehe, saa, aina ya wingu, pete ipi, tao lipi, upande gani, lilidumu dakika ngapi. Akaijaza. Akajaza na ya mwezi uliofuata. Kufikia alipostaafu alikuwa hajakosa kupeleka fomu hata mwezi mmoja, na watu wa chama, ambao wengi wao walikuwa wahandisi na walimu wa vyuo, walikuwa wakimpigia simu kumuuliza mambo. Alipiga picha za pete za jua, za nguzo za mwanga zinazosimama juu ya taa za barabara, za mawingu ya rangi ya lulu yanayotokea wakati wa baridi kali baada ya jua kuzama. Alijua wingu lipi limebeba chembe nzuri za barafu na lipi ni ukungu wa bure, kama anavyojua unga ulioingia wadudu.

Mumewe, Taisto, aliendesha greda la kusukuma theluji. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mwendo wa kuinamia kushoto kwa sababu ya miaka mingi ya kuchungulia ukingo wa barabara kutoka dirishani mwa greda. Mungu hakuwajalia watoto, na nyumba ile ingeweza kuwa kimya sana kama si utani wao.

"Hivi wewe umeolewa na mimi au na jua?" Taisto alikuwa akimuuliza.

"Na wewe. Jua halikoromi."

Lakini ni Taisto huyo huyo aliyemchongea stendi ya kamera ya kwanza, akamtengenezea na fimbo yenye kifuniko cha sufuria kwa ajili ya kuziba jua lisiharibu picha wala macho. Na ni yeye aliyekuwa akisimamisha greda katikati ya barabara, magari yakipanga foleni nyuma yake, ili apige simu nyumbani. "Mama, acha unachofanya. Huku kilimani jua limezungukwa lote, na juu yake kuna kitu kama pembe za ng'ombe." Raili alikuwa akiondoka na aproni yake kiunoni.

Kisha ugonjwa ukaingia, nao haukubisha hodi. Taisto alisukuma theluji barabara moja mara tatu, akaiacha nyingine. Akatia chumvi kwenye kahawa, akainywa bila kuona tofauti. Daktari aliutaja ugonjwa ule wa kumbukumbu kwa upole, na kwa upole huo huo akaeleza kwamba hauna dawa. Mwaka wa kwanza yalipotea majina ya watu, wa pili majina ya vitu. Pete ya jua aliiita "gurudumu lile". Mwaka wa tatu Raili alimtoa nje, akamwonyesha kwa kidole majua mawili mazuri kabisa, na Taisto akatazama kidole.

Baada ya hapo likaja tatizo la kutembea. Taisto alikuwa akienda kazini. Haidhuru ni saa ngapi wala amevaa nini, alikuwa anakwenda kazini, na mara tatu watu walimrudisha kutoka barabarani. Raili akapigilia komeo juu kabisa ya mlango kwa ndani, akafunga na kengele. Aliomba nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwanamke wa manispaa alikuja, akanywa kahawa, akauliza maswali, akaandika.

"Anakula mwenyewe?"

"Anakula."

"Chooni anakwenda mwenyewe?"

"Akikumbuka choo kiko wapi."

"Basi bado yuko vizuri. Kuna walio hoi kuliko yeye. Tutamweka kwenye orodha."

Dada yake Taisto, Kyllikki, mwanamke mkavu mwenye miaka sabini na tisa, hakutaka hata kusikia habari za orodha. Alikuja kila Jumapili na mkate mzito wenye samaki ndani, akamlisha mdogo wake kwa mkono wake, huku akimhutubia Raili.

"Wifi, nikiwa hai, mdogo wangu hatalala kwenye vitanda vya watu."

"Vizuri. Njoo basi umwangalie siku tatu nilale mimi."

"Mimi nina magoti."

"Nami nina nini, Kyllikki? Magurudumu?"

Kyllikki hakucheka. Aliwapenda wote wawili kwa namna yake, ila kumpenda Taisto kulitangulia kwa miaka mingi.

Miaka miwili mizima Raili alitazama anga kupitia dirisha la jikoni tu. Fomu zake zikawa na mistari michache. Mtu wa chama aliyezipokea, Eemeli, mwalimu wa fizikia kutoka mji wa mbali, hakumuuliza sababu. Aliijua.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Januari. Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, na upepo haukuwepo kabisa. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na kilima cha watu wa kuteleza theluji, na mashine za kutengenezea theluji zilikuwa zimenguruma tangu alfajiri. Katika baridi ya namna ile, mvuke wa mashine hizo hugeuka chembe ndogo mno za barafu, zikaelea hewani juu ya ziwa, zikimetameta kama vumbi la kioo. Watu wa pete za jua husafiri mamia ya kilomita kuifuata hali hiyo. Kwa Raili ilikuja yenyewe hadi mlangoni.

Taisto alikula supu yake ya njegere akalala kitini, kichwa kifuani. Ilikuwa saa sita kasoro kidogo. Raili alisuuza bakuli, akainua macho dirishani, na bakuli likamponyoka likaanguka ndani ya beseni.

Anga lote lilikuwa limechorwa. Pete ndani ya pete, matao yaliyopindana, mstari mweupe uliozunguka upeo wa macho kutoka jua hadi jua. Na upande wa kaskazini, mkabala kabisa na jua, mahali ambapo kwa kawaida hapana kitu, kulikuwa na tao ambalo alikuwa amelisoma tu katika majarida ya chama, lile ambalo wataalamu walikuwa wakibishana kama lipo au ni ndoto ya hesabu.

Alimtazama mumewe. Alikuwa anakoroma taratibu. "Dakika kumi," Raili akamwambia. "Dakika kumi tu, mzee wangu, usiamke."

Komeo halingeweza kufungwa kutoka nje. Ufunguo wa mlango ulikuwa ndani ya mfuko wa koti jingine, chumbani, na mlango wa chumba ulikuwa na mlio. Akauacha. Akavaa koti kubwa, akashusha masikio ya kofia ya manyoya, akachukua kamera mbili na stendi, akashuka ziwani.

Alikwenda hatua kama mia mbili juu ya barafu. Kamera moja aliielekeza kaskazini, akaiweka ijipigie yenyewe picha kila baada ya sekunde nne, kwa sababu picha nyingi zikirundikwa pamoja huonyesha kile ambacho jicho halikioni. Nyingine aliishika mkononi. Alipiga jua, akapiga utosi wa anga, akageuka, akapiga tena. Chembe za barafu zilimtua kwenye kope. Hatimaye alilala chali juu ya theluji ili aone mbingu yote kwa mara moja, mikono ameitandaza, mwanamke wa miaka sitini na nane, na akajikuta anacheka kwa sauti. Mashine za ng'ambo zilinguruma. Kofia ilimziba masikio. Hakusikia kengele.

Aliporudi zilikuwa zimepita dakika arobaini na tano. Mlango ulikuwa wazi na baridi imejaa jikoni. Kiti kilikuwa kitupu. Viatu vya Taisto vilikuwa mahali pake, vyote viwili.

Alama za soksi zilitoka kwenye vidato vya mlangoni, zikafuata ufuko, kisha zikakata kuingia ziwani kuelekea sehemu nyembamba ya ziwa upande wa kaskazini. Raili alikimbia huku anapiga simu ya dharura, akapiga kelele kwenye simu jina la kijiji, jina la ziwa, jina la mume. Njiani aliokota sweta. Mbele kidogo akaokota shati; baridi ikimzidi mtu, mwishowe humdanganya kwamba anaungua.

Alimkuta ameketi, ameegemea nguzo ya mti ambayo wavuvi wa nyavu za chini ya barafu huiacha kama alama. Alikuwa kifua wazi, ngozi imekuwa nyeupe kama nta. Raili alimfunika kwa koti, akamkumbatia, akamsugua.

"Taisto! Taisto, nitazame!"

"Kuna joto humu," Taisto akasema, kwa adabu, kama anayezungumza na mgeni. "Fungueni dirisha."

Hakusema tena. Watu wa kilimani walifika na pikipiki ya theluji, kisha ambulensi ikaja ufukoni. Alifariki kabla hawajafika hospitali.

Polisi aliyekuja alikuwa kijana mwenye heshima. Alivua kofia mlangoni. "Ulikuwa wapi, mama, wakati anatoka?"

"Bandani. Nilikwenda kuleta kuni."

"Kwa muda gani?"

"Kidogo."

Aliandika. Kyllikki naye aliuliza swali lile lile siku hiyo hiyo, akapewa jibu lile lile, akalirudia mazishini kwa kila aliyempa mkono: wifi yangu alikwenda kuleta kuni, ndugu yangu akatoka. Watu walimshika Raili mabega. Walimwambia hana kosa, mtu lazima alete kuni. Alizipokea pole zao moja baada ya nyingine.

Wiki tatu baadaye Eemeli alipiga simu. Alitoa pole kwanza, kwa maneno ya mtu asiyezoea kutoa pole. Kisha akaanza sentensi, akaikatiza.

"Sema, Eemeli."

"Naona aibu kuuliza, mama. Siku ile kulikuwa na vijana wetu wawili kule kilimani. Wanasema waliona kitu kaskazini, lakini walikuwa ndani ya mvuke wa mashine, picha zao ni ukungu. Nikafikiri, wewe uko pale pale ziwani. Labda kabla ya... labda ulipata hata moja."

"Sikutoka," Raili alisema. "Nilikuwa naleta kuni."

Baada ya kukata simu ndipo alipotoa kadi kwenye kamera. Mpaka siku hiyo alikuwa hajaigusa. Aliitia kwenye kompyuta, akafungua picha za kaskazini moja moja.

Tao lilikuwepo. Lilikuwa safi, zuri, limekamilika. Na kwenye picha iliyopigwa saa sita na dakika kumi na sita, pembeni kushoto, juu ya mstari wa theluji, palikuwa na nukta nyeusi.

Alidhani ni uchafu wa lenzi. Katika picha iliyofuata ilikuwa imesogea. Akaikuza. Ilikuwa na miguu. Ilikuwa imeinama kushoto.

Alizipitia zote, usiku na mchana havikumhusu tena. Dakika kumi na tatu Taisto alitembea kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine, polepole, bila kusita, chini ya lile tao, kama mtu anayejua anakokwenda. Katika picha kumi na nne za mwanzo, chini kabisa, kulionekana pia ncha ya buti. Lilikuwa buti lake Raili, kidole kikielekea juu. Wakati huo alikuwa amelala chali anacheka. Angeinua kichwa tu, si zaidi ya mtu anavyoinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia, angemwona.

Aliishi na jambo hilo mpaka Aprili. Hakulala vizuri, alipungua, mikono yake minene ikalegea ngozi. Barafu ilipoanza kuwa ya kijivu, alimpigia simu Kyllikki akamwita.

Kyllikki alikuja na mkate wake. Raili hakumkaribisha kahawa. Alimkalisha mbele ya kompyuta.

"Wifi, sikwenda kuleta kuni."

"Ulikwenda wapi?"

"Tazama."

Akazipitisha picha. Kyllikki alivaa miwani, akasogea. Mwanzo hakuelewa, alitazama matao, akasubiri aambiwe. Raili akaweka kidole kwenye nukta. Picha ikabadilika, nukta ikasogea, ikabadilika tena.

Mwanamke yule alitazama dakika zote kumi na tatu bila kupepesa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Anatembea vizuri. Ule mguu uliokuwa ukimuuma hata haumsumbui."

"Haumsumbui."

"Na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Unatazama nini?"

"Juu."

Kyllikki alivua miwani. "Ungeniambia ulimsahau dakika kumi, ningesema ni binadamu. Nami nimewahi kusahau chungu motoni."

"Si dakika kumi," Raili alisema. Alikuwa ameamua kusema yote, na akayasema. "Na si kwamba nilimsahau yeye, Kyllikki. Nilisahau kama nina mume. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya miaka ile sita."

Kyllikki aliinuka. Alivaa koti lake, kitufe kimoja kimoja, akachukua na mkate wake mezani. Mlangoni akageuka.

"Nitolee picha moja. Ile ya katikati, anapoonekana vizuri."

"Nitakutolea."

"Hiyo mbingu uikate. Siitaki."

Raili alikwenda polisi mwenyewe, akasema alidanganya. Kijana yule yule alimsikiliza, akamletea maji, akamweleza kwamba faili limefungwa na hata likifunguliwa halitabadilika: mzee alikuwa mgonjwa, ilikuwa ajali, sheria haina la kumfanya mtu aliyetoka nje ya nyumba yake. "Nenda nyumbani ukapumzike, mama." Raili alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo. Alikaa kwenye benchi la kituo cha basi mpaka basi la pili likapita.

Kwa Eemeli alipeleka kadi nzima kwa posta, na barua fupi iliyoeleza kila kitu. Eemeli alipoziona picha zile hakuweza kufanya kazi wiki nzima. Mwishowe alirundika zile tu zilizopigwa kabla ya saa sita na dakika kumi na sita, na hizo zilitosha. Wataalamu waliacha kubishana, tao lipo. Jarida la chama lilichapisha picha ukurasa mzima, bila jina la mpigaji, kama alivyoomba. Eemeli alimtumia nakala. Raili aliirudisha na bahasha yake bila kuifungua.

Kiangazi aliiuza nyumba kwa watu wa kusini waliotaka kuona ziwa. Akahamia mjini, chumba cha chini, dirisha linatazama ukuta wa duka la vifaa vya bustani. Kamera aliipa shule. Siku za baridi kali zenye jua alikwenda sokoni mapema kabla halijachomoza, akifika nyumbani akashusha pazia.

Mkesha wa Krismasi watu wote wa Kortesalmi huwasha mishumaa makaburini. Raili alikwenda na basi la mchana. Theluji ilikuwa imepasuliwa kinjia, na mbele ya jiwe la Taisto alimkuta Kyllikki amepiga magoti yake mabovu, anahangaika na kiberiti, vidole vimekufa ganzi. Njiti ya tatu ilivunjika. Raili akachuchumaa upande wa pili, akatoa kiberiti chake, akawasha, akakinga moto kwa kiganja. Kyllikki akausogeza utambi. Mshumaa ulipokubali, wote wawili walibaki wanautazama.

"Wanasema barafu ya mwaka huu nyembamba," Kyllikki alisema.

"Nyembamba, ndiyo. Mvua nyingi."

Kyllikki alinyoosha mkono. Raili akaushika, akamwinua, akampangusa theluji magotini. Kisha Kyllikki akauondoa mkono wake mkononi mwa Raili, akashika kinjia cha kwenda langoni peke yake, polepole, bila kumngoja.